Uliza Kwanza Jinsi Redio Inavyofufuka

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, si kwa ubaya, ni kazi tu. Lakini kuna jambo limenikera kiasi cha kunirudisha kwenye kibodi, nalo ni hili la kusasisha redio. Sizungumzii redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Nazungumzia redio ya ridhaa, ile ambayo mtu huketi nayo usiku akaongea na mwenzake aliyeko Uhindi au Brazili, bila kulipwa na bila kulipia dakika. Hapa Kenya leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ishara zetu za mwito nyingi huanza na 5Z4. Ukisikia 5Z4 hewani, ujue Mkenya, au mgeni aliyeko Kenya, yuko macho.

Zamani redio hizi zilikuwa koili, vali na waya. Ikiharibika, unafungua kifuniko, unanusa palipoungua, unachukua chuma cha kulehemu. Leo redio ni tarakilishi yenye antena. Ndani yake mna chipu, na ndani ya chipu mna programu inayoamua kila kitu: masafa, sauti, kioo, hata wakati wa kurusha na wakati wa kusikiliza. Programu hiyo ndiyo famuwea. Na kwa kuwa imeandikwa na binadamu, ina kasoro, zile ambazo sisi waandishi wa programu tunaziita wadudu. Mtengenezaji akigundua mdudu anatoa toleo jipya, wewe unalipakua na kulipakia kwenye redio yako. Vizuri sana. Mimi hula kwa kazi ya kurekebisha wadudu, siwezi kuilaumu.

Lakini hebu niwasimulie.

Miaka miwili iliyopita, jirani yangu mmoja aliniomba msaada. Ni mzee mstaafu, mwanaredio wa miaka mingi kuliko umri wangu. Anayo redio moja tu ya masafa mafupi, aliyoletewa na bintiye kutoka ng'ambo, imefungwa katikati ya nguo ndani ya sanduku. Kila Jumamosi jioni hukutana hewani, kwenye megahezi 14, na rafiki yake wa ujana aliyehamia mbali. Redio ilikuwa na kasoro moja: akiachia kitufe cha kusemea, ilikawia kidogo kurudi kusikiliza, basi neno la kwanza la rafiki yake likapotea. Rafiki akijibu "ndiyo" au "la" kwa neno moja, mzee hakujua amejibiwa nini.

Nikatafuta toleo jipya, nikalipata. Orodha ya mabadiliko ilikuwa na mstari mmoja: utendaji na uthabiti umeboreshwa. Basi. Nikamwambia, "Mzee, hii ni kazi ya dakika kumi." Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikacheka. Majuto ni mjukuu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Kipakatalishi changu betri yake ilikuwa imechoka, hakifanyi kazi ila kimechomekwa ukutani. Redio nayo ilikuwa ikila stima ya ukuta ule ule. Upakiaji ulipopita nusu, stima ikapotea. Simlaumu mtu. Anayeishi kwetu akasahau kwamba stima hupotea, kosa ni lake.

Iliporudi, redio haikuwaka. Nilibonyeza vitufe kwa mchanganyiko wa kila aina. Nilibadilisha waya. Tarakilishi haikuiona kabisa, kana kwamba nimechomeka tofali. Mzee alikuwa ameketi kando, ananitazama tu. Baada ya saa mbili hivi akasema, "Mwanangu, redio yangu ilikuwa na kigugumizi. Sasa ni bubu."

Niliandikia kampuni. Nilijibiwa kwa adabu: itume kwenye kituo chetu cha huduma. Kituo chenyewe kiko bara jingine. Piga hesabu ya kuituma, bima, na karatasi za forodha za kuthibitisha kwamba inayorudi ni ile ile iliyotoka wala si mpya ya kutozwa ushuru. Ilikaa kabatini hadi alipopatikana mtu wa kusafiri nayo, ikakaa huko, ikarudi. Miezi minne. Risiti ilisema programu imeandikwa upya, hakuna kipuri kilichobadilishwa. Kwa miezi hiyo minne mzee na rafiki yake walipigiana simu, ndiyo, lakini aliniambia simu ni ya kupeana habari, redio ni ya kukaa pamoja.

Sasa hoja yangu. Tukitaka kununua redio sisi huuliza wati ngapi, bendi ngapi, kioo kina rangi au hakina. Mimi nasema kwetu huku swali la kwanza liwe hili: ikifa katikati ya kusasishwa, mwenyewe naifufuaje, nyumbani kwangu, kwa waya na tarakilishi? Jibu likiwa "itume kwetu", irudishe kwenye rafu. Anayeishi karibu na kituo cha huduma hahitaji kuuliza, ataipeleka kwa gari na kuichukua Jumatano. Sisi tuko mbali, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa nini redio hufa? Unapoandika programu mpya juu ya ya zamani mahali pale pale, kuna kipindi ambapo ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika. Stima ikikatika hapo, chipu inaamka na kukuta nusu ya maagizo. Dawa yake inajulikana siku nyingi. Unatenga chumba kidogo ndani ya kumbukumbu ya chipu, unaweka humo programu fupi ya kuamshia, na chumba hicho hakiguswi wakati wa kusasisha. Programu kubwa ikiharibika, ile fupi bado iko hai, inasubiri uijaribu tena. Anayeacha kumpa mtumiaji mlango huo amechagua, wala hakukosa njia.

Na ajabu ni kwamba mlango huo haufuati bei. Chukua Quansheng UV-K5, redio ndogo ya mkononi kutoka Uchina iliyovuma mwaka 2023. Ni ya bei ya chini kabisa. Chipu yake ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 64, na 4 za mwanzo ni za programu ya kuamshia. Unashikilia kitufe cha kusemea huku ukiiwasha, taa ya tochi inawaka, na redio inasubiri. Ukikatiza katikati, unaanza tena. Ndiyo sababu watu walithubutu kuichezea. Mwaka huo huo mwandishi wa programu anayejulikana kwa jina la DualTachyon aliandika upya famuwea yake na kuichapisha chini ya leseni huria ya Apache, na wengine wakaijenga juu yake: kuonyesha mawimbi kwenye kioo, kurekebisha menyu, kuondoa kero ndogo ndogo. Kilobaiti 60 zilizobaki hazitoshi vyote, kwa hivyo ni kama matatu iliyojaa: huyu akipanda, yule ashuke. Ukitaka hiki, unazima kile, kisha unakusanya programu upya. Lakini uhuru huo wote ulisimama juu ya zile kilobaiti 4 zisizoguswa. Bila hizo, nani angejaribu?

Chukua QMX ya QRP Labs, kazi ya Mwingereza Hans Summers, iliyotolewa mwaka 2023. Hii msimbo wake haukuwekwa wazi, faili la famuwea limefungwa kwa siri. Hata hivyo ukitaka kusasisha, redio inajitambulisha kwa tarakilishi kama flashi. Unafuta faili la zamani, unanakili jipya, umemaliza. Hakuna programu maalumu ya kusakinisha, iwe unatumia Windows au Linux. Iliuzwa kwanza ikiwa ya mosi na mitindo ya kidijitali, na zaidi ya mwaka mmoja baadaye famuwea mpya ikaifundisha kusema kwa sauti. Mtu aliyeinunua siku ya kwanza alipata redio nyingine bila kulipa senti. Hapo ndipo ninapoipenda famuwea.

Au Elecraft K3, redio ya mezani ya Marekani iliyotangazwa mwaka 2007. Mwongozo wake unaeleza jinsi ya kulazimisha famuwea iingie upya endapo redio itakataa kuamka. Yaani waliokuwa wakiichora walikaa wakajiuliza: je, mteja wetu akifikwa na mabaya? Huo ni utu, na uliandikwa kwenye mwongozo kabla mteja hajafikwa.

Na kuna nyingine za njia ya tatu. Baofeng UV-5R, iliyoingia sokoni mwaka 2012 na ambayo wengi wetu tulianzia nayo, famuwea yake haibadilishiki na mtumiaji. Mdudu uliyenunua naye ndiye utakayezeeka naye. Nayo ina uaminifu wake: haiwezi kufa kwa kusasishwa.

Najua wapo watakaonijibu kwamba dawa ni moja tu, redio inayofanya kazi usiiguse. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nawaheshimu, na baada ya ile Ijumaa nilikuwa karibu kujiunga nao. Lakini siwezi kukubali kabisa. Mtambo wa kurusha mawimbi si kikokotoo. Mdudu wa kikokotoo anakudhuru wewe, mdudu wa redio anaweza kuwadhuru majirani hewani: inakawia kunyamaza, inarusha mahali pasipo pake. Leseni inasomeka jina lako, si jina la kiwanda. Mawimbi yakivuka mpaka, atakayeulizwa ni wewe. Kwa hiyo kuna masasisho ambayo ni wajibu.

Vile vile famuwea si mganga wa kila ugonjwa. Ashhar Farhan wa Hyderabad, Uhindi, alitupa uBITX, redio ya masafa mafupi ya bei nafuu inayoongozwa na Arduino Nano, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Watu wakauboresha kwa kasi. Lakini matoleo ya mwanzo ya bodi yalikuwa yakitoa mawimbi ya ziada, kwa sababu yalikuwa yakipenya kwenye rilei na kuvikwepa vichujio. Hakuna mstari wa msimbo ungeweza kuzuia hilo. Ilibidi bodi yenyewe ipangwe upya, na toleo la 5 la mwaka 2019 ndilo lililofanya hivyo. Nawapenda watu hawa kwa sababu hawakusema "utendaji umeboreshwa". Tatizo lilipimwa hadharani, likajadiliwa hadharani, na wenye bodi za zamani wakaelezwa la kufanya kwa chuma cha kulehemu. Na ile Nano ikifa? Unaichomoa, unachomeka nyingine kutoka duka la vifaa vya elektroniki mjini, unapakia msimbo. Hiyo nayo ni njia ya kufufuka.

Kwa hiyo ninachowadai watengenezaji ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kiwanda kipya.

Cha kwanza, mlango wa kufufulia ulio mikononi mwa mwenye redio, ulioelezwa kwenye mwongozo.

Cha pili, orodha ya mabadiliko inayosema ukweli. Niambie mdudu alikuwa nini, alionekana wakati gani, na umemfanya nini. "Uthabiti umeboreshwa" si taarifa, ni kufungiwa mlango. Kama ile orodha ingeniambia kwamba toleo jipya halihusu kasoro ya mzee, nisingeligusa. Naam, sijawaambia: redio iliporudi ikiwa na toleo lile lile nililokuwa nikilipakia, ilikuwa bado inakawia kusikiliza. Tulihatarisha kila kitu kwa ajili ya marekebisho ambayo hayakuwamo.

Cha tatu, matoleo ya zamani yaachwe pale pale ili mtu aweze kurudi nyuma. Kazini kwangu hakuna anayethubutu kupeleka programu mpya kwa wateja bila kuwa na njia ya kurudisha ya jana. Nikifanya hivyo naitwa ofisini. Kwa nini aliyeuza redio ya pesa nyingi asiulizwe swali hilo hilo?

Upande wetu nasi tuna wajibu. Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa, umenigharimu, uchukueni bure.

1. Sisasishi kwa sababu tu kuna toleo jipya. Lazima kuwe na mdudu ninayemjua, au kitu ninachokihitaji.

2. Nasubiri. Majuma mawili yanatosha wenye haraka kuvunjika guu na kupiga kelele.

3. Redio inakula betri, volti 12, wala haiguswi na stima ya ukutani. Kipakatalishi kimejaa chaji. Stima ikipotea sijui hata kama imepotea.

4. Nakala ya akiba kwanza. Si ya chaneli peke yake. Redio kama UV-K5 huhifadhi takwimu za urekebishaji zilizopimwa kwa redio hiyo moja, na za mwenzako hazitakufaa. Ukizipoteza, redio itawaka lakini nguvu na usikivu wake hautaaminika.

5. Nasoma jina la chipu, sitosheki na jina la redio. Kampuni hubadilisha vitu vya ndani na kuacha kasha lile lile. Famuwea ya ndugu si lazima iwe famuwea yako.

6. Naweka toleo la zamani kwenye flashi, pembeni, kabla ya kuanza.

7. Nasikiliza kabla na baada. Kwenye kilohezi 14,100 kuna mfumo wa kimataifa wa vituo vya majaribio 18, vinavyopokezana kila kimoja kwa sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Nafasi moja imetengewa Kenya kwa ishara 5Z4B. Naandika niliowasikia kabla ya kusasisha na niliowasikia baada. Mawimbi hubadilika, ndiyo, kwa hivyo narudia mara kadhaa, lakini redio iliyosikia vituo sita na sasa haisikii hata kimoja inakuambia kitu.

8. Sisasishi siku ya kuamkia siku ambayo redio inahitajika. Kamwe. Hata mzee akiniomba.

Na neno kwa vijana wenzangu mnaopenda famuwea huria: yaweza kukufungulia masafa ambayo leseni yako haikukufungulia. Redio kukubali kurusha pale hakumaanishi wewe umekubaliwa. Masafa ya polisi, ya ndege na ya magari ya wagonjwa yaacheni. Mtu mmoja akifanya mchezo huko, tutafungiwa mlango sote.

Mzee? Tulimaliza tatizo lake kwa njia ya kizamani. Rafiki yake huko aliko amezoea kuvuta pumzi moja kabla ya kujibu, basi neno la kwanza halipotei tena. Hilo ndilo sasisho lililofanya kazi, na halikuhitaji waya. Redio yake bado ina kigugumizi, nami sijaigusa. Toleo jingine limetoka mwezi uliopita, nikamwonyesha orodha yake ya mabadiliko. Alivaa miwani, akasoma ule mstari mmoja, akanirudishia simu yangu. "Mwanangu," akasema, "wakishajua wamerekebisha nini, waniambie."

Sina la kuongeza. Ukienda dukani au ukiagiza mtandaoni, uliza swali lile kabla ya wati. Nanyi mnaozitengeneza, kilobaiti 4 si nyingi.

73 kwenu nyote, na stima isipotee.